Kutoka Urafiki Jazz hadi Singeli: Mashine Ilikuwa ya Nani?

Mwaka 1970, miaka miwili tu baada ya kiwanda cha nguo cha Urafiki kuanza kazi pale Ubungo kwa msaada wa China, uongozi wa kiwanda ulinunua magita, ngoma, matarumbeta na vipaza sauti, kisha ukaajiri wanamuziki. Bendi ikaitwa Urafiki Jazz. Kiongozi wake alikuwa Juma Mrisho, ambaye wapenzi wa dansi walimjua zaidi kwa jina la Ngulimba wa Ngulimba. Mchana kiwanda kilitoa kanga na vitenge, usiku bendi ilitoa dansi, na kila ilikopiga ilitangaza jina la kiwanda. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa sawa na fundi wa mtambo wa kufuma. Alikuwa na mshahara na bosi, na gita alilolipiga halikuwa lake.

Urafiki haikuwa peke yake. NUTA Jazz ilikwishaanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Shirika la mabasi la UDA lilikuwa na bendi. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Jeshi, polisi na magereza nao walikuwa na bendi zao, na huko Iringa kiwanda cha kukata almasi kilikuwa na Tancut Almasi. Mlimani Park Orchestra ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafirishaji, halafu mwaka 1983 ikahamia Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam na kuitwa DDC Mlimani Park. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka viwanda na mabenki mikononi mwa umma, na muziki ukaenda njia hiyohiyo. Ala za umeme zilikuwa ghali, fedha za kigeni zilikuwa haba, na kijana wa Magomeni au Temeke aliyetaka kushika gita la umeme hakuwa na milango mingi zaidi ya ule wa shirika.

Kurekodi nako kulikuwa na mlango mmoja mkuu. Bendi ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga nyimbo kadhaa kwa mkupuo, zikalipwa ujira mdogo na kuondoka. Kanda ilibaki redioni. Sahani za santuri zilichapwa Nairobi, kwa sababu nchini hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa. Ndiyo maana mpenzi wa dansi wa enzi zile hakuzungumza habari za albamu. Alizungumza habari za wimbo aliousikia redioni saa fulani, na habari za ukumbi alikoushuhudia ukipigwa laivu. Kumbukumbu yake ndiyo iliyokuwa maktaba.

Hata hivyo ushabiki ulikuwa mkali. Mlimani Park walikuwa na mtindo wao wa Sikinde, NUTA walikuwa na Msondo, na jiji liligawanyika katikati kama lilivyogawanyika kati ya Simba na Yanga. Watu walibishana juu ya nani kahama bendi na nani kaibiwa, gita la solo la nani linalia vizuri zaidi, na tungo ya nani ina mafumbo mazito. Lakini tazama majina yenyewe. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na msondo ni ngoma ya watu wa Pwani tangu zamani. Mashirika yalikuwa na magita kutoka ng'ambo, lakini jina la kumvuta mpenzi wa dansi yaliliazima kwa wenyeji wa jiji, ambao ngoma zao ziliendelea kukesha uchochoroni bila mshahara wala ukumbi.

*

Mfumo huo ulianza kuyumba mwishoni mwa miaka ya 1970. Vita vya Kagera vilikula hazina, mafuta yakapanda bei, na viwanda vikakosa vipuri. Mtambo uliosimama Ubungo kwa kukosa kipuri ulikuwa na ndugu yake kwenye jukwaa la dansi, yaani gita lililokosa nyuzi. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka, akaingia Ali Hassan Mwinyi ambaye mitaani aliitwa Mzee Ruksa, na mwaka 1986 mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ukatiwa saini. Miaka ya 1990 ikawa ya ubinafsishaji. Urafiki yenyewe ikaingia ubia ambao Wachina walishika asilimia 51. Mashirika yaliyohesabu kila senti hayakuwa tena na haja ya kununua ngozi za ngoma. Bendi nyingi zilikufa. Zilizonusurika, kama ile ya NUTA iliyokuja kuitwa Msondo Ngoma, zikajifunza kuishi kwa viingilio vya mlangoni.

Wafanyakazi waliopunguzwa hawakuhama jiji. Walibaki walikokuwa wakiishi siku zote, yaani Manzese, Mburahati, Tandale na Mwananyamala, na upande wa pili Keko, Tandika, Buguruni na Mbagala. Watoto wao walikulia katika nyumba ambazo baba alikuwa na ujuzi wa mashine lakini hana mashine. Soko nalo lilikuwa limefunguka. Pamoja na mitumba na redio kaseti, Kariakoo ikaanza kupokea kutoka Dubai na Mashariki ya Mbali kitu kidogo cha plastiki chenye funguo fupi fupi: kinanda cha Casio.

Kinanda hiki kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwa Mjapani aliyekitengeneza kilikuwa kitu cha kujifunzia, karibu na mchezo wa mtoto. Kinatumia betri. Kina sauti kadhaa zilizopangwa tayari, midundo michache ya kujiendesha, na spika ndogo ambayo haiwezi kushinda kelele za mtaa. Vijana wa uswahilini hawakuihitaji hiyo spika. Walichomoa waya, wakaupeleka kwenye amplifaya kuukuu, na kutoka hapo kwenye spika za honi, zile za midomo mipana zilizozoeleka misikitini na kwenye mikutano ya hadhara. Honi haikuumbwa kwa ajili ya muziki. Inakata besi, inachonga sauti ya juu, na ukiisukuma kupita uwezo wake inakwaruza. Fundi wa Radio Tanzania angeuzima mtambo mara moja. Vijana walipandisha sauti.

Pembeni ya kinanda walikaa wapigaji: ngoma tatu nne, manyanga, na mmoja akipiga kigoda kwa vijiti. Mwimbaji aliimba juu ya hayo yote akiwa ameshika maikrofoni karibu na mdomo mpaka sauti ikapasuka. Muziki huo ukaitwa mchiriku. Ulikuwa mtoto wa ngoma za Wazaramo kama mnanda na mdundiko, ukachanganyika na chakacha ya Pwani. Kinanda kilichukua nafasi ya sauti ya juu inayozunguka bila kuchoka, ikirudia kipande kilekile huku ngoma zikibadilika chini yake. Ulipigwa kwenye shughuli za kumtoa mwali, harusini na kwenye mikesha ya mitaani, na mara nyingi ulikwenda hadi alfajiri.

Nyimbo zake hazikuwa na adabu ya dansi. Dansi la mashirika lilipitia kwa wakubwa kabla ya kufika hewani, kwa hiyo watunzi wake walijifunza kusema kwa fumbo. Mchiriku haukupitia kwa mtu. Uliimba dawa za kulevya, ukimwi, wizi, polisi, mke aliyeondoka, na kijana aliyefia mbali na nyumbani. Watu wa heshima waliuita muziki wa wahuni. Redio binafsi zilipoanza, Radio One ikitangulia mwaka 1994, hazikuona sababu ya kuupiga. Ulisafiri kwa kanda: mtu anarekodi kwenye shughuli, anarudufu, anauza gengeni, na mwenye daladala ananunua. Kila nakala iliongeza mkwaruzo wake juu ya mkwaruzo wa honi, mpaka msikilizaji wa Mbagala akazoea muziki usiokuwa na sauti safi hata kidogo, na akaupenda hivyohivyo.

Kundi lililoibeba sauti hiyo mbali zaidi lilitoka Mwananyamala, Kinondoni, ambako Jagwa Music ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa karibu miaka ishirini iliishi kwa shughuli za uswahilini. Kisha mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao, Bongo Hotheads, iliyosimamiwa na Werner Graebner, Mjerumani aliyeutafiti muziki wa Pwani kwa miaka mingi. Crammed ndiyo iliyokuwa imeitambulisha Ulaya kwa Konono N°1 wa Kinshasa, wale waliotia umeme kwenye ala ndogo ya likembe na kuipitisha kwenye vipaza sauti vya kuokoteza. Wazungu waliosikia kazi hizo mbili waliona undugu mara moja. Kinshasa na Dar es Salaam hazikuigana. Kila mji ulikuwa na ala ndogo, umma mkubwa wa kuufikia na spika mbovu, na kila mmoja ukagundua kwamba ubovu wa spika una utamu wake.

*

Tofauti ya mchiriku na dansi haikuishia kwenye sauti. Ilikuwa tofauti ya mwenye mali. Kinanda cha Casio kilikuwa cha kijana mwenyewe, au cha kikundi kilichochangishana. Hakuna bosi aliyeweza kukifungia ghala. Kikiharibika kilifunguliwa kwa bisibisi na kuunganishwa tena kibarazani. Kwa mara ya kwanza mpigaji wa uswahilini alimiliki chombo cha umeme. Kilichobaki nje ya mikono yake kilikuwa kanda. Mrudufishaji wa Kariakoo alikula, muuza kanda wa kituoni alikula, na mwimbaji alisubiri kutunzwa noti kwenye shughuli.

Katikati ya miaka ya 2000 hata kinanda kikaanza kupumzishwa. Taarabu ya kisasa ndiyo iliyokuwa ikitawala sherehe za wanawake jijini, hasa baada ya ushindani wa vikundi vya Muungano na TOT katika miaka ya 1990 na kuja kwa kundi la Jahazi. Kwenye vigodoro, ile mikesha ya mtaani ambayo turubai hufungwa kukatisha njia na spika hupangwa ukutani mwa nyumba ya mwenye shughuli, madijei wa Manzese na Tandale walikuwa wakipiga taarabu kwa sidii na kompyuta. Wakagundua kwamba sehemu inayowaamsha watu si beti. Ni pale waimbaji wanaponyamaza na kinanda kinabaki peke yake kikichombeza. Wakaikata sehemu hiyo, wakaizungusha, wakaipandisha kasi. Kinanda kilichopandishwa kasi hupanda na sauti pia, kinakuwa chembamba na kikali, karibu na Casio ya mchiriku iliyopitia kwenye honi. Emsii akashika maikrofoni na kuanza kuchana juu yake. Hiyo ndiyo singeli.

Kasi yake ndiyo inayomshtua mgeni kwanza. Bongo fleva nyingi hutembea kwenye mapigo takribani 100 kwa dakika. Singeli huanzia 200 na kuna kazi zinazofika 300. Mgeni husikia ghasia. Mchezaji wa uswahilini hafuati kila pigo. Anachagua pigo moja kati ya mawili au manne, anatuliza kiuno juu yake, na kuacha mengine yapite kichwani. Ni mbinu ya ngoma za zamani, ambako ngoma ndogo hukimbia na kubwa hutembea, na mchezaji hujua amfuate nani.

Msaga Sumu alikuwa miongoni mwa waliotangulia kupata jina, mpaka wapenzi wakamwita mfalme wa singeli. Baada yake wakaja Sholo Mwamba, Man Fongo, Dulla Makabila na wengine. Mwaka 2016 mambo mawili yaliupeleka muziki huu nje ya uchochoro: Man Fongo alitoa Hainaga Ushemeji, na Profesa Jay, mkongwe wa hip hop aliyekuwa tayari mbunge, akamshirikisha Sholo Mwamba katika Kazi Kazi. Redio ya EFM ya jijini nayo iliipa singeli nafasi wakati redio nyingine bado zikiona haya. Mamlaka hazikukubali kwa urahisi, na vigodoro vilipigwa marufuku mara kadhaa kwa madai ya uchafu na kuharibu watoto. Hata hivyo Tuzo za Muziki Tanzania ziliporudi baada ya kusimama, singeli ilikuwa na vipengele vyake. Muziki uliokuwa wa wahuni ukawa na kombe.

*

Wakati huohuo, Mburahati, si mbali na ukuta wa kiwanda cha Urafiki, kijana aitwaye Sisso alikuwa ameanzisha studio. Studio hiyo haikufanana na ile ya Radio Tanzania. Ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta, programu ya kutengenezea biti, spika na maikrofoni. Vijana walipanga foleni, mmoja akitoka mwingine anaingia, na wimbo ukakamilika siku hiyohiyo. Jioni ulikuwa kwenye memori kadi za simu za madereva wa bodaboda. Jukwaani, dijei wa singeli hana sahani wala gita. Ana kompyuta ya mapajani, na vidole vyake vinagonga funguo za herufi kwa haraka, kila herufi ikikata, ikirudisha nyuma au ikifyatua mlio. Kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi ya ofisi inageuzwa ngoma, sawa na Casio ya kujifunzia ilivyogeuzwa.

Arlen Dilsizian na Derek Debru, waanzilishi wa Nyege Nyege jijini Kampala, walisikia kazi hizo, na mwaka 2017 lebo yao ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Kuanzia hapo albamu zilifuatana. Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018. Mwaka 2019 zilitoka tatu: Mateso ya Sisso, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke, kijana wa Pamoja Records. DJ Travella alitoa Mr Mixondo mwaka 2022, na Sisso na Maiko wakatoa Singeli Ya Maajabu mwaka 2024. Vijana ambao hawakuwahi kualikwa kwenye hoteli za Masaki walikuwa wakipiga kwenye matamasha ya Ulaya, mbele ya watu wasioelewa neno hata moja la emsii lakini walioitambua kelele.

Waliitambua kwa sababu wana ya kwao. Mwaka 1976 kikundi cha Throbbing Gristle kilianzisha lebo ya Industrial Records jijini London na kutengeneza muziki wa mitambo, kanda zilizokatwa na umeme unaounguruma. Mwaka 1980 huko Berlin, Einstürzende Neubauten wakapanda jukwaani na vyuma chakavu na mashine za kutobolea zege. Mwaka 1988 Trent Reznor alianzisha Nine Inch Nails huko Cleveland, katika ukanda wa Marekani ambao viwanda vyake vya chuma vilikuwa vikifungwa, na mwaka uliofuata akatoa Pretty Hate Machine. Kote huko mambo yaliendana kwa namna isiyo ya bahati. Viwanda vilipokuwa vikifanya kazi, watu walicheza muziki laini baada ya zamu. Vilipofungwa, vijana wakaanza kupiga muziki unaolia kama kiwanda. Dar es Salaam ilipita hatua zilezile mbili, Urafiki Jazz kwanza na mchiriku baadaye, bila mtu wa Mwananyamala kumsikia Mjerumani yeyote.

Ila wenzetu wa Cleveland walifika mahali ambapo sisi bado hatujafika, yaani kwenye filamu. Reznor na mwenzake Atticus Ross walitengeneza muziki wa The Social Network ya mwaka 2010, na mwaka uliofuata wakachukua Oscar. Wakaipata tena kwa ajili ya Soul, safari hii pamoja na Jon Batiste. Mwaka 2025 ikatoka Tron: Ares, na muziki wake ukatolewa kwa jina la Nine Inch Nails lenyewe badala ya majina ya watu wawili. Jina likifika kwenye filamu, swali la kijiweni linakuja lenyewe. Hii ni albamu ya bendi, au ni kazi ya kampuni iliyowekwa jina la bendi? Inakaa rafu moja na The Downward Spiral ya mwaka 1994, au ina rafu yake?

Mpenzi wa singeli wa Tandika angelitambua swali hilo, kwa sababu analo. Wapo wanaoshikilia kanda za mchiriku na kusema tangu kompyuta iingie hakuna mkono wa mtu tena, ni kasi tupu. Wapo wanaosema singeli ya kweli ni ile ya vigodoro vya kwanza, kabla redio hazijaipunguza makali. Na wapo vijana ambao kwao hata Poaa ni zilipendwa. Mwanamume wa makamo atakuambia Msaga Sumu alikuwa na maneno. Mpwa wake atajibu kwamba maneno hayachezeki. Hoja zote mbili zilikwishasemwa na wazee wa Sikinde walipokisikia kinanda cha kwanza cha Casio: hao hawajui kupiga, hao wanabonyeza tu.

Wanabonyeza kweli, lakini sikio lao limefundishwa. Mpe kijana wa Mburahati kipande cha taarabu cha sekunde nne, na atakuambia papo hapo kama kitazunguka vizuri au kitakwama. Anajua ni sauti gani ya juu itakayopenya ukuta wa matofali na ipi itakayofia kwenye turubai. Anajua dakika ya kukata mlio wote ili emsii abaki peke yake na umati upige kelele. Elimu hiyo haina cheti, na imejengwa kwa vizazi vitatu vya watu waliopiga kwenye nafasi ya wazi, kwa vifaa ambavyo havikuwa vimekusudiwa kazi hiyo. Mkwaruzo wa singeli hautokani na umaskini pekee. Leo programu yoyote ya kompyuta inaweza kutoa sauti safi bila gharama ya ziada, na wao bado wanachagua ile iliyopasuka.

*

Filamu za Dar es Salaam zimechelewa kulisikia hilo. Wimbi la Bongo movie la miaka ya 2000 lilitengenezwa Sinza, Kinondoni na Mbezi, likauzwa Kariakoo kwa sidii, na mara nyingi muziki wake wa nyuma ulikuwa kinanda cha taratibu kinachosindikiza machozi, hata pale hadithi ilipokuwa ya uswahilini ambako usiku haulali kimya. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'Kuvute kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Muziki wake ulitungwa na Amine Bouhafa, Mtunisia aliyetunga pia muziki wa Timbuktu, na filamu ikawa chaguo la Tanzania kwa ajili ya tuzo za Oscar. Hiyo ni hadithi ya Zanzibar ya miaka ya 1950, na masikio yake ni ya taarabu. Filamu ya Manzese ya leo itahitaji masikio mengine, na wenye masikio hayo wako Manzese.

Siku filamu hiyo itakapokuja, swali la mwaka 1970 litarudi likiwa limevaa nguo mpya. Ngulimba na wenzake walikuwa na kazi ya heshima, ila gita lilikuwa la kiwanda na kanda ilikuwa ya redio. Bendi ilipovunjika waliondoka mikono mitupu, na nyimbo zao zinapigwa mpaka leo. Watu wa mchiriku walimiliki kinanda, kanda ikawaponyoka Kariakoo. Kizazi cha Mburahati kina kompyuta, kina studio, na kina faili lenyewe la wimbo. Kinachobaki ni karatasi. Wimbo uliotengenezwa kwa kipande cha taarabu ya mtu mwingine, ukachanwa na emsii aliyepita studio mara moja, ukasambazwa kwa memori kadi, ni vigumu kuuandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mpaka watu wakae chini na kusema nani kafanya nini. Mtengeneza filamu makini, na hata kampuni ya matangazo, atauliza swali hilo kabla ya kutoa hela. Asiyekuwa na jibu atalipwa chai, na muziki wake utamtajirisha mwingine.

Kwa hiyo mzozo wa vijiweni uendelee, Casio dhidi ya kompyuta, mchiriku dhidi ya singeli, kwa kuwa bila mzozo muziki hauna wenyewe. Lakini ndani yake liingizwe jambo moja ambalo wapenzi wa Msondo na Sikinde hawakuwahi kubishania, kwa sababu wakati wao jibu lilikuwa wazi na halikuwa zuri: kazi hii imeandikishwa kwa jina la nani? Urafiki Jazz ilikuwa na vipaji vya kutosha. Ilichokosa ni hati.